Pipa lisilonuka

Kando ya mlango wa stoo yetu kuna shoka dogo limetundikwa kwenye msumari. Kazi yake ni moja tu, kutoboa mapipa. Kila pipa la lita 200 lililokuwa na trikresilifosfeti, likishamalizika, hupigwa matundu matatu: mawili ubavuni na moja kitakoni. Kisha huandikwa daftarini na kusubiri watu wenye kibali cha kuharibu taka za sumu waje kulichukua. Anayeshuhudia kwa mara ya kwanza huumia moyo, maana pipa lenyewe ni zima, halina hata doa la kutu, na linapigwa shoka kama adui. Nami niliumia hivyohivyo mwanzoni.

Nimetunza stoo ya kemikali kwa miaka 19. Kiwanda chetu kinatengeneza plastiki laini ya PVC: maganda ya nyaya za umeme, na mikanda mipana inayosafirisha makaa ya mawe chini ya ardhi. Kemikali zinazopita mikononi mwangu ni nyingi, na baadhi yake hujitangaza zenyewe. Zipo zinazochoma pua ukilegeza kizibo tu, na zipo zinazotoa machozi. Hizo mtu huziogopa bila kufundishwa. Hii ninayoisimulia hapa, trikresilifosfeti, haijitangazi. Kiwandani tunaiita kwa herufi zake, TCP. Ni kioevu kizito kama mafuta, kiangavu, pengine chenye umanjano kidogo, na harufu yake ni ndogo kiasi kwamba ukikinusa utasema ni pipa la hewa.

Mwaka wangu wa pili kazini, fundi mmoja wa kuchomelea alinijia mchana.

"Kaka, lile pipa la bluu pale ukutani lina mwenyewe?"

"Halina. La nini?"

"La maji. Nimelinusa, halinuki kitu."

Nililinusa na mimi. Kweli. Tulilisuuza kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, tukalifuta kwa kitambaa. Kitambaa kilitoka na utelezi, tukasema ni sabuni. Akaondoka nalo akiwa na furaha, na mimi nikabaki nikijiona nimemfaa mwenzangu.

Jioni msimamizi wa zamu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, alikuja kuhesabu. Alihesabu mara mbili. "Matupu yaliandikwa 14. Mbona naona 13?" Nilimweleza bila wasiwasi. Hakupiga kelele. Alichukua ufunguo wa gari na shoka, akaniambia nipande. Tulilikuta pipa limesimamishwa chini ya mfereji wa bati, mdomo wazi, linasubiri mvua. Mzee alililaza chini akalitoboa palepale, mbele ya mwenyewe na mkewe. Yule fundi alikasirika sana, na haki alikuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Mzee alimshika bega. "Pole, mwanangu. Kesho nitakununulia jipya. Lingekuwa linanuka nisingekuja usiku huu. Ungelikataa mwenyewe."

Alilinunua kweli. Na kwenye gari, tukirudi, aliniambia maneno ambayo yamenifanya nisome kwa miaka yote hii: "Hii kitu imelemaza watu maelfu kwa maelfu, na wote waliilamba wakidhani ni kitu kingine."

Nieleze kwanza kwa nini kiwanda kinaihitaji, maana bila hapo habari yote haishikiki. PVC yenyewe inakuja kama unga mweupe. Ukiiyeyusha na kuiumba bila kuongeza kitu unapata plastiki ngumu, ile ya mabomba. Molekuli zake ni minyororo mirefu inayong'ang'aniana, na hailegei mpaka joto lifike karibu nyuzi 80. Plastisaiza ni kioevu kinachoingia katikati ya minyororo hiyo na kuiachanisha kidogo. Nywele zikikamatana huwezi kupitisha kitana, ukizipaka mafuta kila unywele unateleza peke yake. Ndivyo plastiki inavyolainika. Na kiasi chake si tone, kwani katika plastiki laini sana plastisaiza inaweza kuwa theluthi ya uzito wote, na hata zaidi.

Mtu aliyefungua mlango huu kwa PVC alikuwa Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich, Marekani, mwaka 1926. Alikuwa anatafuta gundi ya kubandika mpira kwenye chuma. Alichemsha PVC, ambayo wakati huo wengi waliiona haina kazi, ndani ya vimiminika visivyokauka upesi, na ilipopoa akakuta kitu kinachopinda na kuvutika kama mpira. Hakupata gundi, lakini dunia ikapata plastiki laini. Hata hivyo wazo la kulainisha lilikuwepo tangu zamani. Seluloidi, plastiki ya awali ya John Wesley Hyatt, ya mwaka 1870, ililainishwa kwa kafuri. Tatizo la seluloidi ni kwamba inashika moto upesi mno, ndiyo maana wakemia wakatafuta kitu cha kuisaidia kafuri au kuiondoa kabisa. Fosfeti za aina ya TCP zikawafaa: zinalainisha, na papo hapo zinapunguza moto. Fosforasi iliyomo, plastiki ikiungua, huifanya ijifunike ganda la mkaa linaloziba hewa. Ndiyo sababu sisi tunaitia kwenye mikanda ya migodini. Moto wa mkanda chini ya ardhi ni kifo cha watu wengi, na sitaki mtu asome makala hii akadhani TCP ilibuniwa kwa nia mbaya. Ipo mahali inaokoa maisha.

TCP hutengenezwa kwa kresoli na oksikloridi ya fosforasi, na kresoli nyingi zilitoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Kresoli ziko za aina tatu, kutegemea kikundi kidogo cha kaboni kimekaa wapi kwenye duara la molekuli: otho, meta au para. Kwa mtengenezaji wa plastiki wa zamani tofauti hiyo haikuwa na maana, zote zililainisha. Kwa mwili wa binadamu tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Aina ya otho ndiyo yenye balaa.

Jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui ni kwamba plastisaiza haijafungwa kwenye plastiki kwa kifungo cha kikemia. Imekaa tu katikati, kama mgeni kwenye mkeka. Inaweza kuondoka. Umewahi kuacha kifutio cheupe laini juu ya rula ya plastiki ndani ya mkebe kwa miezi, ukakuta vimegandana na rula imebonyea kana kwamba imeyeyuka? Plastisaiza ya kifutio imehamia kwenye rula. Hiyo ni tabia ya plastisaiza zote, za fosfeti na nyingine. Wanafunzi wanaoletwa stoo kwa mafunzo huwa nawaonyesha rula moja ya namna hiyo. Huinua nyusi zaidi kwa rula ile kuliko kwa karatasi yoyote ya usalama.

Sasa turudi kwenye maneno ya mzee.

Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, na marufuku ikadumu mpaka 1933. Katika miaka hiyo maduka ya dawa yaliendelea kuuza dawa ya tangawizi, maarufu kwa jina la Jake, iliyowekwa kwenye chupa ndogo. Ilikuwa dawa ya tumbo kwa jina, lakini sehemu kubwa ya chupa ilikuwa alkoholi tupu, na watu maskini walioshindwa kununua pombe ya magendo walijua hivyo. Serikali nayo ilijua. Ikaagiza dawa hiyo iwe na tangawizi nyingi kiasi cha kutonyweka kwa uchungu. Mkaguzi alichukua sampuli, akaivukiza alkoholi, akapima uzito wa kilichobaki. Kilichobaki kikiwa kidogo, mtengenezaji ana kesi.

Basi wadanganyifu wakatafuta kitu cha kuongeza uzito huo bila kuongeza uchungu. Walitumia molasi, walitumia mafuta ya nyonyo. Huko Boston, mashemeji wawili, Harry Gross na Max Reisman, walitaka kitu bora zaidi. Kiyeyuke kwenye alkoholi. Kisivukize mkaguzi akikipasha moto. Kisiwe na ladha wala harufu. Kiwe rahisi kupatikana kwa wingi. Nilipoyasoma mahitaji hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeketi juu ya pipa, na nilisimama. Hayo ni maelezo ya plastisaiza nzuri, neno kwa neno. Sisi tunaponunua TCP tunalipia sifa hizohizo: isivukize, maana mkanda utakakamaa, isinuke, isiwe na rangi, ichanganyike vizuri. Walichokipata ni TCP iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Lindol, ikitumika kwenye rangi na vanishi, na yenye otho kwa wingi. Wakati huo ilidhaniwa haina madhara. Na hapa ndipo moyo wangu unapochoma, kwa sababu miaka 31 kabla, mwaka 1899, madaktari wa Ufaransa walikuwa wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu waliopooza baada ya kupewa dawa yenye fosfeti za jamii hiyohiyo. Maandishi yalikuwepo. Hayakumfikia aliyekuwa anajaza chupa.

Februari 1930, katika mji wa Oklahoma City, daktari Ephraim Goldfain alimpokea mwanamume ambaye miguu yake haikunyanyuka vidole. Siku hiyohiyo wakaja wengine wenye tatizo lilelile. Mguu wa mgonjwa ulining'inia kutoka kifundoni. Ilimbidi ainue goti juu sana ili vidole visiburuzike, na unyayo ukitua vidole vilitangulia, kisigino kikafuata kwa kishindo. Watu wa mitaani walijua mwendo huo kwa kuusikia tu kabla ya kumwona mwenyewe. Katika majimbo mengi, hasa ya kusini na ya kati, wagonjwa wakaongezeka wiki hadi wiki. Idadi kamili haikupatikana, ila makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 30,000 na 50,000. Wengi walikuwa vibarua, watu wanaoishi kwa nguvu za miguu na mikono. Wengine walijificha kwa aibu, kwa kuwa kulemaa huko kulikuwa ni kukiri hadharani kwamba ulikunywa.

Aliyeitambua sumu ni Maurice Smith wa idara ya afya ya umma ya Marekani, pamoja na mwenzake Elias Elvove. Walichambua chupa, wakaikuta fosfeti ya kresoli, wakaijaribu kwa wanyama. Wanyama hawakukubaliana. Nyani waliolishwa hawakupooza. Kuku walipooza, miguu ikalegea baada ya siku kadhaa, kama walivyofanya watu. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kama wangeishia kwa nyani, jibu lingekuwa kwamba kitu hiki ni salama. Hadi leo, kemikali ya jamii hii ikitakiwa kuchunguzwa kama inaleta kupooza kwa kuchelewa, mnyama anayetumika ni kuku jike aliyekomaa.

Hukumu ya kwanza ya Gross na Reisman ilikuwa faini ya dola 1,000 kila mmoja na kifungo cha miaka miwili kilichosimamishwa.

Inavyofanya kazi mwilini ni jambo lililochukua miongo kueleweka, na mimi ambaye si daktari nililazimika kulisoma mara nyingi ndipo likanikaa. Wengi wamesikia kuhusu dawa za wadudu za jamii ya fosfeti. Mtu akimeza hizo hutoka jasho na mate, huhema kwa shida, na kila mtu huona papo hapo kwamba amekula sumu. Hospitali zina dawa ya kumpa. TCP ya otho haifanyi hivyo. Pengine mtu ataharisha kidogo au kuhisi kichefuchefu, kisha atapona na kusahau. Wakati huo ini linaibadilisha na kuifanya kemikali nyingine kali zaidi. Hiyo ndiyo inayokwenda kukishika kimeng'enya kimoja ndani ya neva, ambacho Martin Johnson wa Uingereza alikitambua mwaka 1969. Kikishikwa kwa sehemu kubwa na kikageuka kisiweze kurudi katika hali yake, neva zinaanza kufa, kuanzia nchani. Neva ndefu kuliko zote ndizo zinazotangulia, na neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazofika kwenye nyayo. Ndiyo sababu miguu hutangulia, mikono ikafuata.

Kati ya kumeza na kupooza hupita wiki moja hadi tatu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijaona pahali usemi huo unapokaa vizuri kama hapa. Katika wiki hizo mtu ameshamaliza chupa, amemgawia jirani, pipa limeshahamishwa mara mbili, na hakuna anayekumbuka alikula nini. Sumu inayouma mara moja humwonya wa pili. Hii humaliza familia nzima kabla ya wa kwanza kuhisi ganzi kwenye vigimbi vya miguu.

Hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Neva za pembeni hukua tena polepole sana, na wengi walipata nafuu ya mikono. Lakini madhara ndani ya uti wa mgongo hubaki. Madaktari waliowafuatilia baadhi ya waathirika wa Jake miaka 47 baadaye waliwakuta bado na miguu iliyokakamaa.

Ningetamani kusema mambo yaliishia hapo, kwa kuwa sumu ilishajulikana kwa jina na kwa sura tangu 1930. Hayakuishia. Na unapoyapanga matukio yaliyofuata, unaona chombo na mafuta, chombo na mafuta, tena na tena.

Durban, Afrika Kusini, mwaka 1937: watu walipooza baada ya kutumia mafuta ya kupikia yaliyowekwa kwenye mapipa ambayo awali yalikuwa na mafuta ya mashine. Uswisi, mwaka 1940, wakati wa vita: mpishi wa kikosi cha bunduki za rashasha alitumia mafuta ya silaha akidhani ni ya kupikia. Askari wapatao 80 waliathirika, na nchi yao ikawaita "askari wa mafuta" kwa maisha yao yote. Sri Lanka, mwaka 1977 na 1978: wasichana waliovunja ungo, ambao kwa desturi ya kwao hupewa mafuta ya ufuta ili wapate nguvu, walianza kudhoofika miguu. Mafuta yalikuwa na TCP, na kilichoshukiwa ni vyombo vilivyobebea mafuta ya madini kabla ya kutiwa ya ufuta. Hili la Sri Lanka ndilo ninaloshindwa kulisoma bila kusimama. Msichana analishwa kwa upendo kitu bora cha nyumbani, na mama anayemlisha hana namna yoyote ya kujua.

Na katikati ya hayo kuna Meknes, Moroko, mwaka 1959. Kambi ya ndege za kijeshi za Marekani iliuza mafuta yake yaliyobaki, ya kulainisha injini za jeti, yenye TCP. Wafanyabiashara waliyanunua, wakayachanganya na mafuta ya kupikia, wakayauza yakiwa bei nafuu. Watu wapatao 10,000 walipooza. Walionunua ni wale waliohitaji mafuta ya bei nafuu. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa kuambukiza, na ndivyo ambavyo ningedhani hata mimi, nikiona nyumba baada ya nyumba watu hawainuki. Shirika la Afya Duniani na vyama vya Msalaba Mwekundu kutoka nchi mbalimbali vilituma wataalamu wa kunyoosha viungo, wakakaa huko kwa muda mrefu.

Kati ya visa hivi vyote, cha Meknes na cha Boston ni vya watu waliochanganya kwa makusudi ili wapate faida. Vingine ni vya watu waliokosea pipa. Nikiwa mtunza stoo, mdanganyifu simwezi. Pipa ninaliweza.

TCP ya siku hizi si ile ya 1930. Watengenezaji huchagua kresoli zenye meta na para, na otho imepunguzwa sana, chini ya asilimia moja. Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1958 Mjerumani Dietrich Henschler alionyesha kwamba molekuli ambayo kati ya mikono yake mitatu ya kresoli ni mmoja tu wa otho ni kali kuliko ile ambayo yote mitatu ni ya otho, kwa hiyo kuangalia kiasi cha molekuli zenye otho tatu peke yake hakutoshi. Ninapopokea shehena huwa nasoma cheti chote mpaka nione wamepima nini hasa. Panya waliolishwa TCP ya kisasa kwa miaka miwili hawakupata saratani kwa sababu yake, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini tezi zilizo juu ya figo na ovari za majike zilionyesha madhara. Tena hupita kwenye ngozi, polepole. Kwa hiyo glavu si pambo.

Matumizi yake nayo yamehama. Miaka ya 1950 kampuni ya Shell iliitia kwenye petroli ili kupunguza uchafu wa madini ya risasi kwenye plagi za magari, na ikaitangaza kwa herufi hizohizo tunazozitumia stoo. Leo sehemu yake mashuhuri zaidi ni mafuta ya injini za ndege za jeti, ambamo huwa kama asilimia tatu. Kwenye beringi inayozunguka kwa kasi ya ajabu hutengeneza utando mwembamba unaozuia chuma kusagana na chuma. Katika ndege nyingi hewa ya abiria huchotwa kutoka kwenye injini, na mafuta yakivuja kwenye kizibo cha injini, mvuke wake unaweza kuingia ndani. Marubani na wahudumu wamelalamika kwa miaka, wataalamu wamebishana kwa miaka, na wanaendelea. Boeing 787 huvuta hewa yake kwa mashine za umeme badala ya injini. Katika plastiki vilevile fosfeti nyingine zimeichukulia TCP nafasi sehemu kubwa, na siku moja stoo yetu huenda isiwe nayo kabisa. Nitafurahi, mradi kitakachokuja kimechunguzwa kwa kuku kabla hakijafika kwetu.

Mzee alistaafu, na shoka alinikabidhi mimi. Nimeongeza mambo mawili matatu juu ya utaratibu wake. Mapipa ya TCP yanakaa upande wake, yamepakwa mkanda mwekundu mpana kuzunguka tumbo, kwa sababu lebo ya karatasi huanguka ikipata unyevu na pipa lisilo na lebo ni pipa la mafuta yoyote mtu anayoyafikiria. Hakuna anayeruhusiwa kuchota TCP kwa chupa ya maji, hata kwa dakika moja, hata kama anaipeleka hatua kumi tu. Mapipa ya vimumunyisho vinavyowaka hayaguswi kwa shoka, cheche moja ingetumaliza, yana njia yake. Na kila kijana mpya, awe mhandisi au kibarua wa siku moja, naketi naye nimsimulie Oklahoma City na Meknes kabla sijampa glavu.

Wiki iliyopita alikuja mmoja, ana siku tatu kazini. Alinikuta nimeinua shoka.

"Shikamoo. Samahani, mzee, hili si bado zima?"

Tayari mimi ndiye mzee. Nilimwambia marahaba, nikampa pipa alinuse. Aliingiza pua yote kwenye mdomo wa pipa, akavuta pumzi, akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu."

Nikamwekea kiti. Tulizungumza mpaka kengele ya zamu ikalia, akiwa ameshika magoti yake mwenyewe kwa mikono miwili muda wote bila kujua. Kisha akaniomba shoka. Matupu ya jioni hiyo yalikuwa tisa. Alitoboa yote tisa, matundu matatu kila moja, nami nikaandika daftarini.